Mtu Mmoja Aliyechaguliwa Kozi Zote

Nchi yetu ina jina, ila kwa sasa limepelekwa ukarabati, kwa hiyo nitasema nchi yetu tu na mtaelewa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina mashimo ya barabarani yaliyozinduliwa rasmi, na ina Tume ya Kuzuia Makosa ya Waombaji wa Vyuo Vikuu. Sisi tunaiita Tume tu, maana ukitaja jina lote mtandao unakatika.

Tume ilianzishwa baada ya serikali kugundua kwamba vijana wanaoomba vyuo ni wengi na viti ni vichache. Nchi nyingine labda wangeongeza viti. Kwetu wataalamu walikaa hotelini, wakala, wakafikiri, wakala tena, wakaona tatizo siyo viti. Tatizo ni makosa. Kijana asiyekosea lazima apate chuo, na ambaye hakupata basi kuna mahali alikosea, atafute mwenyewe. Tangu siku hiyo viti vimetosha.

Dada yangu Zuwena alikuwa ameshakosea mara mbili. Mara ya kwanza aliomba siku dirisha lilipofunguliwa, Tume ikamjibu kwamba ana papara. Mwaka uliofuata akaomba mwishoni, Tume ikamjibu kwamba hana hamu ya elimu. Katikati hakuna aliyewahi kuomba, maana katikati mtandao unakuwa umepumzika.

Alikuwa anataka udaktari wa mifugo. Watu walimwambia achague kitu chenye jina zuri, lakini yeye alikuwa na sababu yake. Daktari wa mifugo wa wilaya yetu yuko semina tangu mimi niko darasa la pili. Ng'ombe wa Mama alikufa akizaa, ndama ametoa miguu tu, na Dada ndiye aliyekuwa ameishika hiyo miguu. Mama alimpigia daktari. Simu ikapokelewa, tukasikia watu wanapiga makofi, halafu ikakatwa.

Sasa mwaka huo ninaousimulia ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Kwetu matokeo ya kidato cha sita yanachacha. Yakikaa miaka mitatu bila chuo yanahesabiwa yameharibika, na mwenye nayo anarudi kidato cha tano kuyapasha moto. Dada angevaa tena sketi ya shule, akasimama mstarini na sisi watoto, akaulizwa kwa nini kucha ndefu. Alikuwa halali vizuri. Na akikaa kula alikuwa anaangalia sahani kama vile nayo ni fomu.

*

Tume ikaja wilayani kwetu kutoa semina ya jinsi ya kuepuka makosa. Alikuja Mwenyekiti mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Kilumanga, mtu mnene mwenye sauti ya redio. Tulimsubiri ukumbini tangu asubuhi. Alipofika alituambia kuchelewa ni kosa.

"Ndugu waombaji," akasema, "mimi nimesoma mpaka shule zenyewe zikaniambia basi. Kwa hiyo ninaposema nanyi, mnasemeshwa na elimu yote kwa pamoja."

Makofi.

"Kosa kubwa la vijana wetu ni kutosoma Mwongozo."

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, Mwongozo unatoka lini?"

"Swali zuri sana. Unatoka dirisha likishafungwa. Tukiutoa mapema mtausoma kwa haraka haraka, halafu mkosee."

Makofi tena. Dada hakupiga. Alikuwa anaandika kila neno, hata pale Profesa alipokohoa nadhani aliandika.

"Kosa lingine," Profesa akaendelea, "ni namba ya simu. Mtoto anajaza namba yake. Simu yenyewe kioo kimepasuka, chaji hakuna, leo anayo kesho kaiuza. Tume inatuma ujumbe, ujumbe unazunguka hewani kama yatima! Kuanzia mwaka huu, jazeni namba ya mtu anayepatikana, mwenye chaji muda wote, na anayeheshimika."

Ukumbi mzima ukageuka taratibu, ukamwangalia Shomari Ngwale.

Shomari ana duka pale stendi, Ngwale Steshenari na Huduma Zote. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anajaza fomu za watu, na juu ya bati ana sola, ndiyo sola pekee wilayani ambayo haijazinduliwa, kwa hiyo inafanya kazi.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" akauliza.

Mama yangu akasimama. Mama haogopi watu, huo woga sijui mimi nimeutoa wapi. "Kaka Shomari, wewe unapatikana?"

"Napatikana."

"Chaji unayo?"

"Ninayo, dada yangu, hata sasa hivi imejaa."

"Unaheshimika?"

Shomari akafikiria kidogo. "Nyumbani, siku nyingine."

"Inatosha," akasema Mama.

*

Ndiyo hivyo wilaya nzima ikajaza namba ya Shomari. Foleni ilitoka dukani ikapita msikitini ikaenda mpaka kwa wauza mihogo. Mimi nilimsindikiza Dada. Alipofika kwenye kile kisanduku cha namba ya simu kwenye fomu alisita.

"Kaka, una uhakika hii haitaleta shida?"

"Zuwena, mdogo wangu," Shomari akasema, macho kwenye kompyuta, "namba yangu iko kwenye msiba wa nani? Wote. Harusi? Zote. Mwaka jana mbuzi wa Mzee Pazi alipotea, matangazo yaliandikwa namba yangu. Alipatikana. Itakuwa wewe?"

Dada akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Wakajaza.

Majibu yakaanza kuingia siku moja asubuhi. Simu ya Shomari, ile ndogo yenye tochi, ilitetemeka juu ya meza mpaka ikaanguka yenyewe. Kila ujumbe ulisema hivi: HONGERA. UMECHAGULIWA. BONYEZA 1 KUTHIBITISHA KABLA YA JUA KUZAMA. USIPOTHIBITISHA NI KOSA.

Chini yake jina la kozi. Jina la mtu, hakuna. Tume ilisema majina yanachosha mtandao.

Basi Shomari akafunga mashine ya kopi, akakaa, akaanza kubonyeza. Mtu mwema kweli. Aliona jua linaenda na watoto wa watu watapoteza nafasi. "Uhasibu, moja. Sheria, moja. Ualimu wa michezo, moja. Nani aliomba mambo ya nyuki? Haya, moja." Mkewe akaleta ugali akawa anamlisha tonge hukohuko, mkono wa mume usiache kazi. Kidole gumba kilivimba kama kiazi kitamu.

Sisi tumejazana mlangoni. Kila kozi ikitajwa kuna mtu anapiga kelele.

"Udaktari wa mifugo..." Shomari akainua macho akamtafuta Dada kwenye watu. "Moja! Zuwena, umeingia!"

Mama akapiga vigelegele. Dada akakalia rimu ya karatasi na kulia hapohapo, na Shomari hakumwambia anaharibu mali.

*

Kompyuta ya Tume ni kompyuta yenye akili. Iliangalia zile namba zilizothibitisha, ikaona zote ni namba moja. Ikauliza mwenye namba ni nani. Namba imesajiliwa kwa alama za vidole, tena vidole vyote, mpaka kile kilichovimba. Shomari Ngwale, mfanyabiashara, umri miaka hamsini na kitu. Kompyuta ikaridhika. Nafasi zote za wilaya yetu ikampa yeye.

Dada akaenda kwenye dirisha la Tume mjini. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika mkoba. Dirishani alikuwepo Bi Mwajabu, anakunywa chai, na hakuna chai iliyowahi kunywewa taratibu vile.

"Shikamoo," Dada akasema.

"Marahaba. Kosa gani?"

"Siyo kosa, mama. Nimechaguliwa udaktari wa mifugo, lakini nimeambiwa aliyeko kwenye orodha ni Shomari Ngwale."

"Basi aliyechaguliwa ni Shomari Ngwale."

"Lakini matokeo ni yangu. Ona, hii Baiolojia ni yangu. Yeye hata sekondari hakufika."

Bi Mwajabu akaangalia matokeo, akayanusa kidogo, nadhani kuona kama yamechacha. "Mwanangu, wewe ulijaza namba ya nani?"

"Ya Shomari. Mlisema tujaze ya mtu anayeheshimika."

"Na mmemheshimu. Sasa mnataka kumnyang'anya?"

"Kompyuta imekosea, mama."

"Kompyuta inakosea," Bi Mwajabu akakubali, akaweka kikombe chini. "Lakini haikosolewi. Kuna Ofisi ya Rufaa, chumba kile pale. Sasa hivi ni stoo ya viti."

Nikachungulia. Ni kweli kilikuwa kimejaa viti. Viti vizuri kabisa vya darasani, vimefungwa nailoni, vinasubiri kuzinduliwa.

Tulipokaribia nyumbani Dada akaniuliza, "Hivi sketi yangu ya shule ile Mama aligawa?" Nikamwambia sijui. Nilijua. Iko kwenye sanduku.

*

Serikali ilivyosikia kwamba kuna raia mmoja amechaguliwa kozi zote ilifurahi sana. Profesa Kilumanga akarudi na magari na kamera, akamkuta Shomari anamtolea mtu kopi ya cheti cha kuzaliwa.

"Wananchi!" akasema Profesa, ameshika mkono wa Shomari juu kama bondia. "Wapo waliosema nchi hii haina vichwa. Kichwa hiki hapa! Mataifa makubwa yana watu wengi wenye shahada moja moja. Sisi tuna mtu mmoja mwenye nafasi zote. Na siri yake ni nini? Hakufanya kosa hata moja!"

"Mheshimiwa," Shomari akasema polepole, "hizi nafasi ni za watoto."

"Unyenyekevu! Mnaona? Huo nao ni wa msomi."

Wakambeba mpaka vyuoni. Kwa kweli Shomari alijitahidi. Asubuhi alikuwa Sheria, mchana Uuguzi, jioni Madini. Watu walimwona anakimbia barabarani amevaa koti jeupe la maabara na helmeti ya migodini, mkononi kitabu cha ushairi. Kwenye Kilimo walimkuta amelala kwenye kitalu cha nyanya. Haikupita muda mrefu akatoroka, akarudi dukani, akajifungia ndani, na ukimgongea anajibu kwa sauti ya kike kwamba Shomari hayupo.

Huko vyuoni wahadhiri wakawa wanafundisha viti. Wengine hawakugundua. Lakini mmoja akaandika malalamiko, Tume ikakaa hotelini, na ukatoka waraka: kwa kuwa Ndugu Shomari Ngwale ana majukumu mengi, anaruhusiwa kutuma wawakilishi wa kumsomea. Mwakilishi awe na sifa za kozi husika. Ataitika jina la mwanafunzi, atafanya mitihani ya mwanafunzi, na shahada itakwenda kwa mwanafunzi.

Shomari alikuja nyumbani kwetu kwa mguu. Alikuwa amekonda. Akakaa kwenye mkeka akamwangalia Dada, halafu akamgeukia Mama.

"Mwambie aende anisomee," akasema. "Mimi sitaki hicho kitu, nakiogopa. Aende."

"Mimi ni Zuwena," Dada akasema.

"Najua."

"Nitasoma miaka yote hiyo, halafu kwenye karatasi sitaonekana kabisa. Wala sikupita pale."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuacha. "Zuwena, ile miguu ya ndama uliiachia kwa sababu ulikuwa hujui ufanye nini. Kuna watu wanafundisha cha kufanya. Wakiita Shomari, itika, ukae, ujue. Au nikutolee sketi?"

Dada akaenda.

*

Anasema siku ya kwanza mhadhiri aliingia na daftari la mahudhurio, akaita, "Shomari Ngwale!" Ukumbi mzima ukajibu, "Nipo!" Mhadhiri akafurahi mpaka akavua miwani. Tangu aanze kazi hajawahi kupata mahudhurio kamili.

Maisha yakaendelea hivyo. Shomari mmoja wa Uhandisi akiumwa malaria, wa Uchumi wote wanameza dawa. Shomari wa Sheria alipokamatwa na kibomu, kikaratasi cha majibu, kwenye mtihani, barua ya onyo ilikuja stendi, na mke wa Shomari akamnunia mumewe siku nzima. Shomari wa Uuguzi akapata ujauzito, na Profesa Kilumanga akaenda redioni kuwajulisha wananchi kwamba nchi yetu imeongoza tena.

Dada alikuwa anakuja likizo na harufu ya dawa ya josho. Alikuwa anajua vitu. Alikuwa anaweka sikio kwenye ubavu wa mbuzi na kunyamaza, halafu anasema huyu hapa ana hewa, msimpe pumba. Lakini ukimwita Zuwena kwa mbali alikuwa hageuki. Mpaka urudie.

Kwenye mahafali viti vyote uwanjani walikalia wageni waalikwa. Wawakilishi walikuwa nje ya uzio wa waya, pamoja na sisi ndugu zao. Akaitwa mtu mmoja tu. Shomari akapanda jukwaani na joho lililombana, akapewa shahada ya kwanza, ya pili, mpaka wakaona wamchoshe bure, wakaleta mkokoteni. Alipopita getini anausukuma aliwaona wale vijana kwenye waya. Akasimama. Akaanza kuzigawa.

"Uhasibu! Nani Uhasibu? Njoo mwanangu, shika. Mifugo! Zuwena, chukua chako."

Dada akaipokea, akaisoma, akamrudishia kwa mikono miwili. "Ina jina lako, Kaka."

Sasa ziko dukani kwake ukutani. Hakuna nafasi hata ya kalenda. Watu wakienda kutoa kopi wanaamkia kwanza kuta.

*

Juzi ng'ombe wa Profesa Kilumanga alishindwa kuzaa. Ni wa kisasa, amekuja kwa ndege. Profesa ana shamba huku kwetu siku hizi, amestaafu, lakini bado anakwenda Tume kusaini posho. Akampigia daktari wa mifugo wa wilaya. Makofi. Akakata mwenyewe. Ndiyo akatuma gari stendi: aletwe Daktari Shomari Ngwale.

Shomari akapitia kwetu kwanza. "Zuwena, twende, nakufa." Tukapanda wote, mimi nikiwa na ndoo ya maji ya moto mapajani.

Ng'ombe alikuwa amelala, macho meupe. Dada hakusalimia mtu. Alivua khanga ya juu, akapaka mkono sabuni mpaka begani, akapiga magoti, akaingiza. Akafumba macho. Nikaona uso wake unatafuta kitu huko ndani.

"Kichwa kimegeuka nyuma," akasema. "Mshikeni mkia. Msivute mpaka niseme. Nimesema msivute!" Huyo aliyekuwa anavuta ni Profesa. Akaachia.

Dada alihangaika pale, anahema, anamwongelesha ng'ombe maneno ya kawaida tu kama anamsuka nywele. Halafu akasema, "Sasa." Na ndama akatoka mzima mzima pamoja na maji, akaanguka kwenye majani, akapiga chafya.

Halafu Profesa akapangusa mikono, akamfuata Shomari aliyekuwa amesimama kule mlangoni amejishika kifua, akampa mkono. "Hongera sana, Daktari. Mikono ya dhahabu."

Shomari akaangalia mikono yake. Ilikuwa mikavu. "Siyo mimi, Mheshimiwa. Ni yeye."

"Eh, na mwakilishi wako naye anajitahidi." Akanigeukia mimi. "Na wewe binti, uko kidato gani?"

Nikasema kidato cha sita, nimemaliza. Nadhani nilisema. Yeye aliinama kusikia.

"Unaomba chuo mwaka huu? Basi zingatia. Siku hizi kosa kubwa ni namba ya simu. Jaza namba ya mtu wa familia unayemwamini. Mwongozo utatoka baadaye."

Dada alikuwa amechuchumaa, anamkausha ndama kwa khanga yake, damu mpaka begani. Hakuinua kichwa.

Jana nikaenda kwa Shomari kujaza fomu. Matokeo yangu ni mazuri na bado mabichi kabisa, mimi nina miaka yangu mitatu. Kwenye kozi nikaandika udaktari wa mifugo. Tukafika kwenye namba ya simu. Mimi sina simu, shuleni tulikuwa haturuhusiwi.

"Weka ya mama yako," akasema Shomari. "Yangu usiiguse."

Nikamtajia namba. Akaandika nusu, akaacha. Hiyo namba anaijua. Imesajiliwa kwa vidole vile vilivyoingia kwa ng'ombe.

"Kompyuta itamchagua Zuwena," akasema.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Utamsomea wewe?"

Nikatikisa tena.

"Na wewe je?"

Nikamwambia mimi sipendi kuitwa mbele za watu. Shuleni wakiita jina langu nasimama nusu, sauti haitoki, darasa linacheka. Lakini hilo lingine nimelijaribu nyumbani, nikiwa peke yangu na mbuzi. "Zuwena!" "Nipo!" Linatoka vizuri. Mbuzi wote waligeuka.

Shomari akaangalia ukuta wake wenye shahada zote zile, halafu akamalizia namba, akatuma. Hakutaka malipo.

Dada sijamwambia. Ujumbe ukiingia ataona tu HONGERA, na yeye siku zote anabonyeza moja, anaogopa makosa. Imebaki kitu kimoja tu cha kuomba Mungu. Simu ya Dada haikai na chaji.